Familia huingiaje kwenye mfumo wa ustawi wa mtoto? Naulizia mwanzo, kabla ya mahakama

KurasaTupu

Wakuu, naandaa mwongozo wa wazazi na walimu kuhusu namna familia zinavyojikuta mikononi mwa ustawi wa mtoto. Maandishi mengi yanaanzia katikati: mtoto kashachukuliwa, hakimu kashakaa. Mimi nataka yale yaliyotangulia. Taarifa inatoka wapi, nani anaipokea, anaipima kwa kipimo gani, na kwa nini familia moja huishia kwenye simu moja wakati nyingine yenye tatizo linalofanana hukaa kwenye mfumo kwa miaka. Najua sheria hutofautiana nchi na nchi. Nipeni yanayofanana karibu kila mahali, na mkitaja sheria ya nchi fulani mseme ni ya wapi. Nasaha za malezi tuziache, zimejaa kila mahali.

DawatiLaZamu

Nianze na dawati la kupokea taarifa, maana hapo ndipo faili huzaliwa au hufa.

Watu hudhani anayetoa taarifa ni jirani mwenye kinyongo. Wapo, lakini taarifa nyingi hutoka kwa watu walio kazini: walimu, polisi, wauguzi, madaktari. Nchi nyingi zimewawekea ulazima kisheria. Ulazima huo si wa kale. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake wa Marekani walichapisha makala kuhusu watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa na mifupa iliyovunjika nyakati tofauti, huku maelezo ya wazazi hayalingani na majeraha. Kufikia 1967 kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria ya kutoa taarifa.

Kipimo cha kutoa taarifa ni shaka yenye msingi. Ushahidi hautakiwi hapo, na mwalimu hatakiwi kuutafuta. Andika hili kwa herufi kubwa kwenye mwongozo wako. Mtoto akisema jambo, unamwambia "nieleze kilichotokea", unanyamaza, kisha unaandika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama amekosea jina la kiungo cha mwili. Usimuulize "ni baba ndiye aliyekupiga?" kwa sababu umeshampa jibu. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Mtoto akihojiwa na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha mshauri nasaha, akifika kwa mtaalamu wa mahojiano maelezo yake yana maneno ya watu watatu ndani yake, na wakili wa upande wa pili atayaonyesha moja moja.

Anayepokea simu huuliza: mtoto yuko wapi dakika hii na yuko na nani? Ana umri gani? Nini umekiona mwenyewe, nini umesikia, kwa nani? Lini, mara ngapi? Kuna mtu mzima yeyote ambaye mtoto humkimbilia? Sasa linganisha maelezo mawili:

"Mtoto huyu hatunzwi vizuri kwao."

"Mtoto wa miaka 6. Jumatatu na Alhamisi wiki hii alibaki shuleni kwa saa mbili baada ya wenzake kuondoka. Siku zote mbili alifuatwa na kaka yake wa miaka 9. Alhamisi alisema hajala tangu jana yake mchana."

Taarifa ya kwanza inaweza kuchujwa ikafungwa siku hiyo hiyo, hata kama hali ya huko nyumbani ni mbaya kweli. Ya pili lazima mtu aifuatilie. Tatizo lile lile, kalamu tofauti. Hiyo ni sehemu ya jibu la swali lako la mwisho, ingawa si yote.

Mchujo una matokeo manne: kufunga, kuielekeza familia kwenye huduma, kufanya tathmini ya familia, au kufungua uchunguzi, na polisi huingia kama kuna dalili ya jinai. England, idara ya watoto ina siku 1 ya kazi kuamua itaifanyia nini taarifa. Marekani hupokea taarifa takriban milioni 4 au zaidi kwa mwaka, na karibu nusu yake huishia kwenye mchujo, bila mtu yeyote kwenda kugonga mlango.

Usisahau milango isiyo ya simu. Mzazi pekee anakamatwa na polisi, mtoto yumo ndani ya nyumba. Polisi wanaitwa kwenye ugomvi wa wenza, mtoto alikuwa chumba cha pili. Mtoto anazaliwa na dalili za dawa za kulevya. Wazazi wanaachana, hakimu wa talaka anaona jambo na kuagiza ripoti ya ustawi. Mtoto kavuka mpaka peke yake. Bibi kalea wajukuu miaka kadhaa bila karatasi, kisha shule au hospitali inataka sahihi ya mlezi wa kisheria. Na mlango ambao hautajwi sana: mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa au tabia iliyomshinda anakwenda mwenyewe kuomba msaada, halafu anaambiwa msaada huo unapatikana tu mtoto akiwa chini ya uangalizi wa serikali.

MuuguziWaWatoto

Niongeze la hospitali, kwa sababu hapa makosa huwa ya pande zote mbili: walioumizwa hawaonwi, na wasioguswa wanaandikiwa ripoti.

Mtoto anayetembea ana michubuko kwenye ugoko, magoti na paji la uso. Hiyo ni ramani ya kuanguka. Kinachostua ni mchubuko wa kiwiliwili, masikio au shingo kwa mtoto wa chini ya miaka 4, na mchubuko wowote kabisa kwa mtoto wa chini ya miezi 4. Asiyeweza kugeuka kitandani hajichubui. Kingine ni maelezo yanayobadilika kila zamu ya wauguzi ikibadilika, au kuchelewa siku mbili kumleta mtoto ambaye mkono wake haugusiki kwa maumivu.

Sasa upande wa pili. Watoto wengi wenye ngozi nyeusi huzaliwa na mabaka ya bluu iliyochanganyika na kijivu juu ya matako na kiunoni, wengine hadi mabegani. Mtu asiyeyajua huandika "michubuko mingi ya mgongoni". Tofauti ni rahisi: baka la kuzaliwa haliumi likibonyezwa na halibadiliki rangi, mchubuko hugeuka rangi na kuisha ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo dawa yake ni karatasi. Muuguzi ayachore kwenye kadi ya kliniki tangu siku ya kuzaliwa, mahali na ukubwa, na mzazi ahakikishe yamechorwa. Alama za duara za kuumika (tiba ya vikombe au pembe) nazo zimeshawafikisha wazazi kwa polisi, na mifupa inayovunjika kirahisi kwa ugonjwa wa kurithi pia. Ndiyo maana uchunguzi mzuri una picha zenye rula pembeni, eksirei ya mwili mzima kwa mtoto mdogo, na daktari wa pili.

Jambo dogo la lugha ambalo naomba liingie kwenye mwongozo: mtoto akikosa kliniki, usiandike "hakuja". Andika "hakuletwa". Mtoto wa miaka 3 hajipeleki kliniki. Ukiandika "hakuja" mara tano, faili linasomeka kama uzembe wa mgonjwa. Ukiandika "hakuletwa" mara tano, mtu atauliza nani hakumleta, na kwa nini. Na hiyo "kwa nini" wakati mwingine jibu lake ni nauli tu.

FailiNene

Muuguzi kanifungulia njia. Wengi wakisikia ustawi wa mtoto wanawaza kipigo. Kwa hesabu, kinacholeta familia nyingi ni kutotunzwa: njaa, uchafu, kuachwa peke yake, kutopelekwa hospitali, kutopelekwa shule. Marekani, karibu robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kuwa wametendewa vibaya wako kwenye kundi hili.

Kutotunzwa hakuna tukio moja la kupigiwa simu. Kunajengeka. Faili la namna hii lina karatasi saba, kila moja ndogo: shule imeandika kuhusu chawa, kliniki imeandika chanjo mbili zimekosekana, mwenye nyumba kalalamika, polisi wamemkuta mtoto barabarani saa 4 usiku, na kadhalika. Kila afisa anayepokea karatasi moja anaiona ndogo na kuifunga. Chombo cha kutibu upofu huo ni jedwali la matukio: tarehe, tukio, nani kaliandika, hatua gani ilichukuliwa, mtoto alisema nini. Ukurasa mmoja. Likiandikwa vizuri linaonyesha mambo mawili ambayo karatasi moja moja haziwezi kuonyesha: kama hali inazidi, na kama kila msaada uliotolewa ulidumu kwa muda gani baada ya afisa kuondoka.

Lakini jedwali hilo hilo ni kisu chenye makali pande zote. Soma tena mifano yangu uone mingapi ni umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, iliyopitishwa Desemba 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi. Uwe ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: tatizo likiondolewa kwa fedha au kitu, je, bado kuna hatari? Kitanda kikinunuliwa, kodi ikilipwa, mtu wa kukaa na mtoto akipatikana kwa zamu ya usiku, halafu hofu ikaisha, basi hiyo haikuwa kesi ya ulinzi. Kitanda kikinunuliwa na mtoto akaendelea kulala nje kwa sababu kafungiwa mlango, hiyo ni kesi.

Kwa nini basi maskini wamejaa humo? Sehemu ni msongo wa kweli ambao ufukara huleta. Sehemu ni kuonekana. Anayetegemea zahanati ya umma, nyumba ya serikali na posho hupita mbele ya macho ya watu watano wenye wajibu wa kutoa taarifa kwa wiki. Mwenye daktari wake na yaya wake hapiti mbele ya yeyote.

KurasaTupu

Asanteni, hii ni zaidi ya nilivyotegemea. Sasa tusogee mlangoni. Afisa kafika. Mzazi anaweza kumzuia asiingie? Na ile karatasi ya "makubaliano" ambayo wazazi wengi husaini siku hiyo hiyo, ina nguvu gani?

WakiliWaFamilia

Nchi nyingi, afisa ustawi asiye na amri ya mahakama hawezi kulazimisha kuingia, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo. Polisi huwa na mamlaka mapana zaidi kwa muda mfupi: England wanaweza kumshikilia mtoto kwa ulinzi hadi saa 72, na amri ya dharura ya mahakama huko hudumu siku 8, ikaongezwa mara moja kwa siku 7. Nyuma ya haya yote kuna Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9: mtoto hatenganishwi na wazazi bila ridhaa yao ila kwa uamuzi wa mamlaka husika unaoweza kupitiwa na mahakama.

Tatizo liko kwenye yale maneno "bila ridhaa yao". Mlango mpana kuliko yote ni ridhaa. Afisa anasema: mtoto akae kwa shangazi mpaka tumalize, saini hapa, ukikataa nitakwenda mahakamani. Mzazi anasaini saa 3 usiku, hana wakili, wakati mwingine ametoka kujifungua jana. Kuanzia hapo mtoto hayuko nyumbani, lakini hakuna hakimu aliyeliona jambo, hakuna wakili wa bure aliyeteuliwa, na saa ya kisheria haijaanza kuhesabu. England makubaliano ya aina hii yako chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya 1989, na mzazi mwenye mamlaka ya uzazi anaweza kumchukua mtoto wake wakati wowote. Wangapi huambiwa hivyo wakati wa kusaini?

Karatasi ya kweli ina vitu hivi: tarehe ya kuanza na ya kwisha, mtoto atakaa kwa nani, mzazi atamwona siku zipi, saa ngapi, wapi, nani ataamua matibabu na shule, nini hasa kikifanyika mtoto atarudi, na jinsi ya kuondoa ridhaa. Ikikosa tarehe ya kwisha, usisaini kabla ya kuiandika. Omba nakala kabla afisa hajaondoka, hata kama ni ya kupiga picha kwa simu.

Kuhusu kumzuia mlangoni, haki ipo. Muulize jina, kitambulisho, na tuhuma yenyewe ni ipi. Jina la aliyetoa taarifa hutapewa, usipoteze muda.

DawatiLaZamu

Wakili, hapo kwenye kuzuia mlango niweke tanbihi. Haki ipo, sawa, lakini afisa ana swali moja tu siku ya kwanza: je, naweza kuondoka hapa nikamwacha mtoto alale salama? Asipomwona mtoto hawezi kuandika ndiyo. Mzazi mwenye ndugu mtulivu wa kukaa naye kama shahidi, anayemruhusu afisa amwone mtoto, aangalie mahali anapolala na chakula kilichopo, kisha anasema "mengine nitayajibu nikiwa na wakili", amelinda haki yake na amelijibu swali hilo. Anayebamiza mlango kaliacha wazi, na litajibiwa na mtu mwenye amri mkononi.

Na tutofautishe usalama na hatari, maana hata maafisa huchanganya. Usalama ni wa sasa: leo usiku. Hatari ni ya mbele: uwezekano wa madhara miezi ijayo. Mtoto anaweza kuwa salama leo huku hatari ikiwa kubwa. Hapo jibu ni huduma na ufuatiliaji, si kumwondoa. Mpango wa usalama, yaani maandishi ya nani atafanya nini ili mtoto asidhurike, uwe wa leo hadi siku chache, ukitaja mtu kwa jina, kazi yake, na saa. Mpango mbovu kuliko yote ninaoujua kwa kuusoma una sentensi moja: "Mama atahakikisha baba hamkaribii mtoto." Yaani anayepigwa ndiye kapewa kazi ya kumzuia anayempiga, na akishindwa, kosa linaandikwa kwake: ameshindwa kumlinda mtoto. Mpango wenye akili unamhamisha baba, unasema nani ana ufunguo, na nani atapiga simu akionekana.

WakiliWaFamilia

Nakubali kuhusu ndugu wa kukaa kama shahidi. Hilo ni bora kuliko nilivyosema.

Nimalizie swali la kwanza la mleta mada, kwa nini wengine hawatoki. Kesi ikifika mahakamani kuna mambo matatu wazazi huyachanganya.

La kwanza ni vipimo. Mahakama ya watoto hupima kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi, si kwa kutokuwa na shaka. Kwa hiyo baba anaweza kuachiwa huru kwenye jinai na kesi ya mtoto ikaendelea vilevile. Wengi huja na hukumu ya jinai mkononi wakidhani ndiyo mwisho. Kukata kabisa haki za uzazi ndiko hudai zaidi. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1982, lazima ushahidi uwe wazi na wa kushawishi.

La pili ni saa. England kesi ya amri ya matunzo, yaani ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa serikali, inatakiwa kwisha ndani ya wiki 26. Marekani, sheria ya 1997 inasema mtoto akikaa nje ya nyumbani miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo lazima lifungue ombi la kukata haki za wazazi, isipokuwa kuna sababu iliyoandikwa: anaishi na ndugu, au idara yenyewe haikutoa huduma iliyoahidi. Sasa fikiria orodha ya kungojea tiba ya uraibu ni miezi 5. Mzazi ameanza mbio nusu uwanja nyuma. Mzazi aandike kila kuchelewa kusikotokana naye: tarehe aliyoomba, aliyejibu, alichojibiwa.

La tatu ndilo linaloua kesi nyingi. Mzazi anapewa orodha ya mambo tisa: kozi ya malezi, kipimo cha mkojo kila wiki, ushauri, kazi, nyumba, kumtembelea mtoto Jumanne saa 8 mchana wakati zamu yake kazini ni mchana. Anakosa ziara tatu na ripoti inasema hana hamu na mtoto. Au anamaliza kozi zote, analeta vyeti, anashangaa hakimu hajaridhika. Cheti kinaonyesha alikaa darasani. Hakimu anataka kujua kama mtoto akilia saa 9 usiku leo, mzazi atafanya nini tofauti na mwaka jana, na ushahidi wa hilo hutoka kwenye ziara. Ziara zikiwa za saa moja kwa wiki ndani ya ofisi, hakuna cha kuona. Omba mahakama iziongeze mapema, zihamie nyumbani au kwa ndugu, na ziingie nyakati za kazi halisi: kula, kuoga, kulala.

FailiNene

Na ndugu watajwe siku ya kwanza, si mwezi wa sita. Andika majina kumi, wa upande wa baba na wa mama, hata waliogombana. Mtoto akishazoea kwa mlezi mgeni, shangazi anayejitokeza baada ya mwaka huambiwa kumhamisha tena kutamuumiza. Inauma, lakini mara nyingi ni kweli.

KurasaTupu

Swali la mwisho kabla sijaanza kuandika. Uchunguzi ukifungwa bila kukuta kitu, faili linafutika?

DawatiLaZamu

Mara nyingi halifutiki. Linafungwa na kuhifadhiwa, na taarifa ya pili ikija, ya kwanza husomwa tena. Ndiyo maana neno la kufungia lina uzito. "Haikuthibitika" si sawa na "haikutokea", na sehemu nyingine zina daraja la tatu katikati. Mzazi aombe barua ya kufunga yenye tarehe na neno lenyewe, aihifadhi na kadi ya kliniki. Kama tuhuma imethibitishwa, na nchi hiyo ina rejista ya waliothibitishiwa tuhuma, jina humfuata kwenye maombi ya kazi za shule, hospitali na malezi ya watoto, na muda wa kukata rufaa huwa mfupi, huhesabiwa kwa siku tangu tarehe ya barua. Kwa hiyo anwani ikibadilika uchunguzi ukiwa unaendelea, amwandikie afisa anwani mpya na abaki na nakala. Wengi hupoteza rufaa kwa sababu barua ilikwenda nyumba waliyokwisha hama.